Mgeni wa Treni ya Kansas City

Benchi letu liko Gravois, kusini mwa St. Louis, chini ya dirisha la mgahawa wa Zumra. Zumra ni Mbosnia, kama nusu ya mtaa huu tangu vita ya kwao iwalete, na kahawa yake huja kwenye kibirika cha shaba chenye mkono mrefu, na kikombe kisicho na sikio, na donge la sukari pembeni. Ukinywa vikombe viwili unaanza kujua mambo ya dunia nzima. Kuna Povu, aliyestaafu kiwanda cha bia, mwenye redio ndogo ya kusikiliza besiboli, na mwenye imani kwamba binadamu yeyote anajulikana kwa sekondari aliyosoma. Kuna Breki, aliyeendesha basi la mji mpaka magoti yakagoma. Kuna Nihad, Mbosnia kama Zumra, tunayemwita Balozi kwa sababu husema kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma. Kwao alifundisha historia, hapa aliendesha lori. Na mimi, Posta. Nimepeleka barua kwenye barabara hii mpaka mbwa wakazeeka.

Siku hiyo ilikuwa ya Aprili, jua limetoka baada ya wiki ya mvua, nasi tumelikalia kama paka. Basi likasimama. Akashuka mama mmoja wa umri wetu, mwembamba, mweusi wa maji ya kunde, ana kisanduku cha magurudumu na kofia ya mvua ya bluu. Basi likaondoka, yeye akabaki anasoma kibao kilicho juu ya vichwa vyetu.

— Samahani, akasema. Hapa ndipo Gravwa?

Tukatazamana.

— Wapi huko? akauliza Breki.

Mama akaonyesha kibao.

— Aa, hiyo ni Gravoi. Nimeendesha basi humu maisha yangu yote, dada, na Gravwa sijawahi kuipita.

— Kwetu Louisiana tungesema Gravwa.

— Ndivyo ilivyoandikwa, akasema Balozi. Wafaransa waliwaachia hawa jina, wakasahau kuwaachia mdomo wa kulitamkia.

Mama akatabasamu kidogo, akaingia ndani na kisanduku chake. Hatukungoja hata mlango ufungwe.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akasema Povu.

— Maana yake nini hapo? nikamuuliza.

— Maana yake ana kamba. Huyo anatafuta nyumba. Hawa wa makampuni ya kununua nyumba hawaji na tai siku hizi, wanamtuma mama mwenye sura ya kanisani. Anaomba maji ya kunywa, anapiga macho dari, kesho unaletewa karatasi usaini. Umeona alivyosoma kile kibao? Anaanza na jina la barabara.

— Alikuwa hajui alipo, Povu.

— Hivyo ndivyo wanavyofundishwa.

Breki akatikisa kichwa, akapuliza kikombe chake.

— Nyumba gani? Nyie hamjui wanawake. Kofia ya mvua na jua hili lote? Hiyo ni alama. Kuna mwanamume wamejuana kwenye simu, wakaambiana: mimi nitavaa kofia ya bluu, wewe vaa nini. Sasa ameingia ndani anamsubiri.

— Na mwanamume mwenyewe yuko wapi?

— Huenda ni wewe, Povu. Umejiandika huko una miaka arobaini na boti.

— Mimi simu yangu haina hata picha.

— Ndiyo maana umemdanganya vizuri.

Balozi alikuwa kimya, na Balozi akikaa kimya ujue anapasha moto injini. Akashusha kikombe.

— Nyote mnacheza. Tazameni alivyokaa. Mgongo ukutani, macho barabarani, mkono juu ya sanduku. Huyo ni shahidi.

— Shahidi wa nini?

— Ametoa ushahidi mahakamani, serikali imempa jina jipya na mji mpya. Kesho atakuwa na duka la maua hapo kona, na nyie mtamwita Bi Susan mpaka mnakufa.

— Amekaa hivyo kwa sababu kiti kilichobaki ni kimoja, nikasema.

— Posta, haraka haraka haina baraka. Louisiana kuna nini?

— Mamba, akasema Povu.

— Kuna uduvi. Na penye uduvi pana magenge ya uduvi. Wanaukamata usiku, wanaupitisha kwa malori ya barafu, na ndani ya barafu kuna mengine. Mimi nimeendesha lori, najua. Huyo mama alikuwa akiwapikia. Mpishi husikia yote. Siku moja akachoka, akachukua ushahidi, akauweka kwenye sanduku.

— Ushahidi gani unaotosha kwenye kisanduku kile?

Balozi akafikiri.

— Uduvi wenyewe, akasema.

Hapo Breki alicheka mpaka kahawa ikampalia, ikabidi nimpige mgongoni. Tukiwa katika hali hiyo, kichwa chenye kofia ya bluu kikachomoza dirishani, juu yetu kabisa.

— Dirisha liko wazi, akasema yule mama. Tangu mwanzo.

Povu akaongeza sauti ya redio, kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikisema.

Yeye akatoka nje na kikombe chake cha pili na kisanduku chake. Balozi akainuka ampishe, Breki akasogea, nami nikajibana pembeni, akakaa katikati yetu.

— Naitwa Odile, akasema. La uduvi limenifurahisha kuliko yote. Lakini mimi nilikuwa msusi wa nywele.

— Msusi naye husikia yote, akanong'ona Balozi.

— Dada Odile, akasema Povu, ulisoma sekondari gani?

Ndilo swali la mji huu. Ukizaliwa St. Louis, hata ukilazwa hospitali mtu atakuuliza kabla hajakupima joto. Odile akataja shule moja ya huko Hammond, Louisiana. Povu akaitafuta kichwani kwa muda mrefu, akaikosa, akabaki kama mtu aliyeulizwa njia kwenye mtaa wake akapotea.

— Basi siwezi kukusaidia, akasema.

Odile akatueleza safari yake bila kuombwa sana. Alipanda treni jana kwao, akalala kitini mpaka Carbondale, akaingia kwenye basi asubuhi, likamshusha stesheni hapa mjini. Alasiri ana treni ya Kansas City. Katikati hapo ana saa zake chache za bure, na hana anayemjua hapa.

— Sasa stesheni iko kule mjini, akasema Breki. Huku umefuata nini?

— Kule kuna viti vya chuma na mashine ya biskuti. Nikatoka nje, nikapanda basi la kwanza lililofika.

— Ukijua liendako?

— Sikuuliza.

Breki akamtazama kwa heshima mpya. Maisha yake yote abiria wamemuuliza basi linakwenda wapi huku limeandikwa mbele, na leo amempata mmoja asiyetaka kujua.

— Ungekwenda kupanda Tao, lile la chuma kando ya mto, akasema Povu. Wageni wote wanapanda Tao. Unauona mto, unaona mpaka Illinois.

— Wewe umepanda?

— Mimi naishi hapa, nipande kutafuta nini?

— Breki?

— Magoti yangu haya?

Odile akacheka, na tukacheka naye, na kwa muda kidogo ilikuwa kama tumemjua miaka yote. Lakini Breki hakuacha udereva wake. Alitazama jua, akatazama saa ya mkononi.

— Dada, hiyo treni yako haitakungoja. Basi la kurudi mjini ni lile linalokuja pale.

— Naliona, akasema Odile.

Basi likaja, likafungua mlango, dereva akamwangalia Odile, Odile akaangalia kikombe chake. Mlango ukafungwa. Basi likaenda.

Povu akapunguza redio.

— Una nani Kansas City? akauliza Breki, taratibu.

— Kaka yangu. Mdogo wangu, Alcide. Tulibaki wawili tu.

— Anakungoja?

— Hajui kama ninakuja.

Akakizungusha kikombe viganjani, kisha akatueleza. Mama yao alipofariki, Alcide hakufika mazishini. Alisema theluji imefunga barabara. Ikawa kweli kulikuwa na theluji, lakini walikuja watu kutoka mbali kuliko yeye, na Odile ndiye mtoto pekee aliyesimama kaburini, akishikwa mkono na wajomba. Jioni akampigia simu. Akamwambia: leo nimezika wawili. Akakata. Ikapita miaka tisa.

— Wewe hukupiga, naye hakupiga, akasema Balozi.

— Yeye hakupiga mpaka Jumapili iliyopita. Natoka kanisani, simu ikalia, namba siijui. Nikapokea. Sauti ikasema: Odile, unga umeshakuwa rangi ya chokoleti. Kinafuata nini?

— Kinafuata nini kwenye nini? akauliza Povu.

— Gumbo. Mchuzi wa bamia wa mama. Unakaanga unga kwenye mafuta mpaka uive, halafu ndiyo unaanza.

— Hakusema hata hujambo?

— Unga ukiwa motoni hakuna nafasi ya hujambo, kaka. Ukizubaa unaungua. Nikamwambia vitunguu. Halafu pilipili hoho, halafu seleri, na mkono usiache kukoroga. Nikasikia vitunguu vinaingia sufuriani, vinalia. Tukakaa hivyo. Yeye anakoroga, mimi nimesimama kwenye ngazi za kanisa na gauni langu la Jumapili, nasikiliza sufuria. Halafu akasema ahsante. Akakata.

Breki akavua kofia yake, akaikuna kwa ndani, akaivaa tena.

— Anaumwa huyo, akasema Povu. Mtu akipiga simu baada ya miaka tisa, ana ugonjwa.

— Ana mgeni, akasema Breki. Amepata mwanamke, anataka kumpikia, amejisifu kwamba anajua.

— Mfa maji haachi kutapatapa, akasema Povu.

— Hilo la nani sasa?

— La wote.

— Nyamazeni, akasema Balozi. Dada, nikuulize. Huyo Alcide, mama yenu alipokuwa akipika, yeye alikuwa wapi?

Odile akakishusha kikombe.

— Yeye ndiye aliyekuwa akikata vitunguu, akasema. Tangu hajafika mezani, anapanda kigoda. Alilia kila Jumapili, mama anamcheka.

— Basi alijua kinachofuata.

— Alijua. Nilifika nyumbani ndiyo likanijia, nimeshavua viatu. Alijua kabisa. Asubuhi yake nikakata tiketi. Anwani alinipa shangazi.

Ilisikika hadi ile redio ya Povu, sauti ndogo kama ya mtu ndani ya kopo, ikisema kuna mtu kakimbia akafika.

Odile akakaa wima, akatugeukia mmoja mmoja.

— Sasa nyie mnajua nyumba, mnajua wapenzi, mnajua magenge ya uduvi. Niambieni hili moja. Nikifika pale nikabisha, akafungua mlango, niseme nini?

Povu ndiye aliyejaribu kwanza, maana Povu hawezi kuona swali likipita.

— Mwambie ulikuwa unapita.

— Kutoka Louisiana?

— Mwambie umekuja kuonja ule mchuzi, nikasema mimi, na nilipolisikia nikaona ni jambo la kusemwa na mtu asiye na ndugu.

— Ulishaisha, akasema Odile. Ilikuwa Jumapili.

Tukamgeukia Balozi. Balozi ana jibu la bei ya nyanya na jibu la vita, hajawahi kusema sijui mbele yetu.

— Mimi nilirudi kwetu mara moja, akasema, baada ya vita. Nilikwenda nikabisha mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Akafungua mtu nisiyemjua, amevaa kandambili, nyuma yake ukuta ni uleule, rangi ileile niliyopaka na mke wangu. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, ndani ya ndege nimeyakariri. Unajua nilisema nini?

— Nini?

— Nilisema samahani. Kama niliyekosea nyumba. Nikaondoka.

Hatukuwahi kuisikia hiyo. Tumekaa na mtu huyu majira na majira.

— Kwa hiyo mimi usiniulize ya milango, dada, akasema.

Odile akamshika Balozi mkono, juu juu tu, kisha akauachia. Akasema polepole kwamba pengine ingekuwa vizuri kulala hapa leo, kesho arudi kwao, kwamba hata ile simu ilikuwa nzuri yenyewe kama ilivyo, na mtu akiichokonoa anaweza kuiharibu. Hakuna aliyempinga. Sisi tungemwacha akae. Ukweli ni kwamba tulitaka akae, tulikuwa tumempenda.

Ndipo Zumra akatoka. Zumra hana maneno mengi akiwa kazini. Dirisha liko wazi na masikio anayo. Alikuwa ameshika sinia lenye kibirika kimoja na kikombe kimoja, bila sukari. Akaliweka kwenye magoti ya Odile.

— Sijaagiza, akasema Odile.

— Najua. Kwetu mgeni hupewa kahawa tatu, dada yangu. Ya kwanza ya kumkaribisha. Ya pili ya mazungumzo. Hii ni ya tatu.

— Ya tatu ya nini?

Zumra akamtazama Balozi, Balozi akatazama viatu vyake, kwa hiyo akalisema mwenyewe.

— Ya kumwambia nenda zako.

Povu akashtuka kwa niaba ya heshima ya mtaa.

— Zumra, mgeni huyo.

— Ndiyo maana nimempa kikombe. Nyie wazee ningewapa ufagio. Kunywa, dada. Breki ana gari lake hapo nyuma, na treni anaiwahi.

Odile alikitazama kile kikombe. Kisha akanywa, polepole, mpaka kwenye masimbi, mashapo ya kahawa, uso umekunjamana kwa uchungu. Akavua ile kofia ya bluu, akatengeneza nywele zake kwa viganja kama msusi anavyomtengeneza mteja wa mwisho, akasimama. Akatushika mikono wote. Povu akambebea kisanduku mpaka kwenye gari, jambo ambalo hajamfanyia hata mkewe, na tulimwambia hivyo.

Breki alikawia. Besiboli iliisha, jua likahama benchi likaenda ng'ambo ya barabara, Povu akawa ameshaanza kusema wametoroka pamoja. Mwishowe gari likaja. Breki akakaa, akanyoosha magoti yake moja moja.

— Kapanda? akauliza Balozi.

— Kapanda.

— Mbona umechelewa?

— Treni ilichelewa kidogo. Tukakaa pale. Akaniambia, Breki, nisaidie jambo, usinicheke. Akanisimamisha nyuma ya mlango. Akasema wewe ni Alcide. Mimi nitabisha, wewe fungua.

— Mlango gani?

— Choo cha wanaume.

Povu akaweka kikombe chini.

— Ulisimama ndani ya choo cha wanaume.

— Kilikuwa kitupu. Akabisha, nikafungua. Akaniambia: nilikuwa napita tu. Tukatazamana, tukaona lile la Povu halifai. Nikafunga. Akabisha tena, nikafungua, akasema: umekonda. Nikamwambia, dada, ukiniambia mimi hilo hata kaka yako ataangua kicheko, tazama tumbo langu. Akafunga mwenyewe.

— Halafu?

— Halafu akabisha mara ya tatu. Nikafungua. Hakusema kitu. Kasimama tu na kisanduku chake, macho yamejaa. Nangoja aseme, hasemi. Watu wanapita wanatuangalia. Nami sikujua la kufanya, nimeshika kitasa.

— Ukafanyaje?

Breki alikohoa kidogo, akatazama barabara yake.

— Nikamwambia pita ndani.

— Chooni, akasema Povu.

— Chooni, ndiyo. Lilinitoka tu. Mtu kasimama mlangoni analia, utamwambia nini kingine? Akanitazama, akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka mlinzi akaja. Wakatangaza treni. Akanishika shingo hivi, akapanda. Alikaa upande wa dirisha. Alikuwa bado anacheka ilipoondoka.

Zumra alikuwa ametoka kukusanya vikombe. Akasimama na sinia lake, akasikiliza mpaka mwisho. Vibirika vyote vilikuwa vimebaki masimbi, na jikoni alikuwa ameshazima moto.

— Na yule Alcide, akauliza, akifungua, atalisema hilo la pita ndani?

Alituuliza sisi, wanne, mmoja baada ya mwingine kwa macho. Povu akashughulika na kitufe cha redio. Balozi alikuwa anatazama upande wa magharibi, barabara inakoelekea, kama anayeweza kuliona gari-moshi kutoka pale benchini. Zumra akangoja kidogo, kisha akaingia ndani, na safari hii akalifunga dirisha.